Wapita Njia wa Jumamosi

Mwezi Oktoba mwaka 1896, Fielding Yost alikuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha West Virginia na mchezaji wa safu ya mbele katika timu ya chuo hicho. Timu yake ilipokutana na ile ya Lafayette, chuo kidogo cha mjini Easton, Pennsylvania, kocha wa Lafayette, Parke Davis, alimwona akamtamani. Muda si mrefu Yost akawa ameandikishwa Lafayette, amevaa jezi ya Lafayette, na tarehe 24 Oktoba yuko uwanjani dhidi ya Pennsylvania, timu ambayo ilikuwa haijashindwa kwa zaidi ya mechi 30. Lafayette ikashinda 6-4. Kazi ikiwa imekwisha, Yost alirudi West Virginia, akaendelea na vitabu vyake, na mwaka 1897 akapata shahada ya sheria hukohuko alikoanzia.

Siku hizi mchezaji wa chuo akihama, mashabiki wa makamo nchini Marekani hulalamika kwamba mchezo umeharibika. Zamani, wanasema, kijana alichagua chuo kimoja akakitumikia mpaka mwisho. Ni kweli, ila zamani hiyo ina mwanzo na ina mwisho. Katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, wachezaji walianza kwa kuzurura, wakafungiwa kwa kanuni, kisha mahakama zikawafungulia. Mapenzi ya mashabiki yalikomaa katika kile kipindi cha katikati, ndiyo maana wengi wao huona ndicho kilichokuwa hali ya kawaida.

Mechi ya kwanza ya vyuo ilichezwa Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton. Wanafunzi waliipanga wenyewe, na kwa miaka mingi hapakuwa na chombo cha kitaifa cha kuwasimamia. Umati ulipoongezeka na viingilio kunona, vijana wenye misuli wakawa bidhaa. James Hogan, nahodha wa Yale mwaka 1904, alipewa malazi ya kifahari, safari ya Cuba, na kamisheni ya sigara zilizouzwa mjini New Haven. Gazeti likiandika habari hiyo leo, msomaji angedhani ni mkataba wa matangazo wa msimu huu.

Kilicholeta kanuni ni vifo zaidi kuliko sigara. Msimu wa 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwa kuumizwa uwanjani, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata vyuo 62 vikaunda chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Pamoja na kuruhusu pasi ya kurusha mbele ili kupunguza msongamano wa miili, chama hicho kilitaka kuwakomesha wazururaji: mwanafunzi anayetoka chuo kingine akae mwaka mzima kabla ya kugusa mpira. Usimamizi uliachiwa kila chuo, na kila chuo kilijisimamia kwa namna kilivyopenda. Ripoti ya Taasisi ya Carnegie, iliyotolewa Oktoba 1929 baada ya kuchunguza vyuo zaidi ya 100, ilikuta vingi vinawalipa wachezaji kwa njia za kificho.

Ukuta wa kanuni ulikamilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 NCAA ilimpata mtendaji mkuu wa kudumu, Walter Byers, mtu mkali wa kanuni. Mwaka 1956 ikaruhusu vyuo kumlipia mchezaji masomo, chakula na malazi kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Kuanzia hapo makubaliano yalieleweka na kila mtu: chuo kinakusomesha, wewe unacheza. Ukitaka kuondoka, utakaa mwaka mzima benchi bila kucheza. Wengi walipopiga hesabu ya gharama hiyo walibaki.

Kwa shabiki, huo ulikuwa wakati wa raha. Alianza kumfuatilia kijana akiwa bado sekondari, akiwa na miaka 17, huku magazeti yakibashiri atakwenda wapi. Akishasaini, jina lake lilikuwa la familia kwa miaka minne au mitano. Mwaka wa kwanza unamwona amekaa kando na jezi isiyo na doa. Mwaka wa tatu anaanza. Mwaka wa nne wazazi wake wanaitwa katikati ya uwanja kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani na jukwaa zima linasimama. Archie Griffin wa Ohio State alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1974 na tena 1975, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeitwaa mara mbili. Watu wa Columbus, mji wa chuo hicho, walimwona akikua mbele ya macho yao. Ni vigumu kumwambia shabiki wa namna hiyo kwamba sehemu ya uaminifu alioushangilia ilikuwa kazi ya kanuni.

Makocha hawakuwa na ukuta. Yost yuleyule, baada ya shahada yake, alifundisha Ohio Wesleyan mwaka 1897, Nebraska 1898, Kansas 1899, Stanford 1900, kisha akatua Michigan 1901 na kuwa gwiji. Timu tano, miaka mitano, na hakuna aliyemwambia akae benchi hata wiki moja. Miaka zaidi ya mia baadaye mambo yalikuwa palepale. Kocha angeweza kuaga Jumapili na Jumatatu akapigwa picha na kofia ya chuo kingine. Mchezaji alihitaji ruhusa ya chuo hata ili azungumze na chuo kingine kuhusu ufadhili. Mwaka 2017 Corey Sutton, mpokea pasi wa Kansas State, aliomba aruhusiwe kuzungumza na vyuo 35. Vyote 35 vilikataliwa. Ilibidi habari zisambae na watu wapige kelele ndipo akafunguliwa.

Ukuta ulianza kupata ufa mahakamani, na katika kisa cha kwanza kuna mtu wa Colorado. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba NCAA haina haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni ya futiboli. Mmoja wa waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye miaka ya 1930 alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Colorado. White alionya kwamba michezo ya vyuo ikiachiwa soko itageuka biashara kama nyingine. Alishindwa kwa kura, na fedha za televisheni zikamiminika. Kadiri mishahara ya makocha ilivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu kueleza kwa nini mchezaji peke yake azuiwe.

Baada ya hapo matukio yalifuatana haraka. Oktoba 2018 NCAA ilifungua orodha ya kompyuta inayoitwa lango la uhamisho. Mchezaji hupeleka taarifa ofisi ya chuo chake. Chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Jina likishaonekana, kocha yeyote anaweza kumpigia. Hakuna tena kuomba ruhusa. Aprili 2021 ikaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu, majaji wote 9 kwa sauti moja, ikaikatalia NCAA kuwekea mipaka misaada ya kielimu kwa wanamichezo, na siku chache baadaye wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwaka 2024 kuhama kukawa hakuna idadi, mradi mwanafunzi awe anafaulu masomo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Sheria ni za wote, lakini ukitaka kuona zilivyomgusa aliyekaa jukwaani, nenda Boulder.

Chuo Kikuu cha Colorado, kilichoko mjini humo, kinacheza Folsom Field, uwanja ulio chini ya milima ya mawe ya Flatirons. Kabla ya mechi nyati jike aitwaye Ralphie huachiwa akimbie uwanjani na washikaji wake, timu ikimfuata nyuma. Colorado ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1990, na Rashaan Salaam akaipa Heisman mwaka 1994. Kisha ikaja miaka ya ukame. Msimu wa 2022 ilishinda mechi 1 ikapoteza 11. Desemba mwaka huo ikamwajiri Deion Sanders, nyota wa zamani wa ligi ya kulipwa, kutoka Jackson State ya Mississippi. Katika kikao chake cha kwanza na wachezaji, kilichorekodiwa na kurushwa dunia nzima, aliwaambia waziwazi kwamba anakuja na watu wake na kwamba wao wajitose kwenye lango la uhamisho.

Tarehe 22 Aprili 2023 ilichezwa mechi ya mazoezi ya majira ya kuchipua, Colorado kwa Colorado. Kwa kawaida ni shughuli ya ndugu na marafiki. Safari hii waliingia watu 47,277. Aliyepewa heshima ya kuupiga mpira wa kwanza alikuwa Peggy Coppom, shabiki wa miaka 98, ambaye yeye na pacha wake Betty walikuwa maarufu mjini kwa kutokosa mechi kwa miongo mingi. Katika mechi hiyo Montana Lemonious-Craig, mmoja wa wachezaji waliokuwepo kabla ya Sanders, alidaka pasi na kukimbia nayo hadi mwisho, yadi 98. Uwanja ukalipuka. Haikupita wiki, jina lake likawa langoni pamoja na wenzake wengi. Alikwenda Arizona, na Novemba Arizona ilikuja Folsom Field ikaondoka na ushindi wa 34-31.

Msimu ulipoanza, wachezaji wenye ufadhili waliosalia kutoka 2022 walikuwa 10 hivi, na wageni walizidi 80. Mashabiki walinunua vitabu vya mechi ili wajue nani ni nani. Tarehe 2 Septemba Colorado ikaifunga TCU 45-42 ugenini, timu iliyokuwa imecheza fainali ya taifa miezi minane kabla. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, alirusha yadi 510. Travis Hunter alicheza kushambulia na kulinda, jambo ambalo ngazi hiyo ilikuwa haijalizoea. Boulder ikasahau majina ya walioondoka. Colorado ikashinda mechi zote tatu za kwanza, na tiketi zikawa hazipatikani.

Kisha Oktoba ikaja Stanford. Colorado iliongoza 29-0 wakati wa mapumziko. Ikapoteza 46-43 katika muda wa nyongeza. Hapo shabiki alikuwa na swali ambalo mababu zake hawakuwa nalo: umvumilie nani? Timu changa huvumiliwa kwa sababu mwaka kesho itakuwa imekomaa. Timu iliyokusanywa kwa miezi minane haina ahadi ya mwaka kesho. Ilimaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Mwaka uliofuata ikashinda 9, na Hunter akapewa Heisman. Mwaka 2025, Hunter na Shedeur wakiwa wamekwenda ligi ya kulipwa, ikashinda 3 tu.

Ugomvi wa kweli wa mashabiki wa Colorado ulizuka Aprili 2025, wakati chuo kilipoamua kustaafisha namba za jezi za Shedeur na Hunter. Mpaka siku hiyo chuo kilikuwa kimestaafisha namba nne tu katika historia yake yote, mojawapo 24 ya Byron White na nyingine 19 ya Salaam. Wengine walisema misimu miwili haitoshi, tena bila ubingwa wowote, na kwamba mashujaa wa 1990 wamerukwa. Wengine wakajibu kwamba hao wawili ndio waliofufua uwanja uliokuwa umekufa. Ukisikiliza hoja zao, kila upande ulikuwa na kipimo chake: mmoja ulihesabu miaka, mwingine ulihesabu furaha. Wakati wa ukuta vipimo hivyo viwili vilikwenda pamoja, na hakuna aliyelazimika kuchagua.

Huko Tallahassee, mashabiki wa Florida State walipewa dawa hiyohiyo mara mbili ikatoa majibu tofauti. Hao ni watu waliozoea kutulia: Bobby Bowden aliwafundishia vijana wao misimu 34, kutoka 1976 hadi 2009. Kikosi cha 2023 cha kocha Mike Norvell kilitegemea wahamiaji, akiwemo kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, Jordan Travis kutoka Louisville na mlinzi Jared Verse kutoka Albany, chuo ambacho wengi hawakukijua. Kilishinda mechi 13 bila kupoteza. Travis alivunjika mguu Novemba, kamati ikaiacha timu nje ya mchujo wa ubingwa, na katika mechi ya mwisho, wachezaji wengi wakiwa wameshajitoa au kuingia langoni, Georgia ikawachapa 63-3. Norvell akarudi sokoni akanunua tena, safari hii kwotabeki aliyekuwa ameshapita Clemson na Oregon State. Mwaka 2024 Florida State ilishinda mechi 2 na kupoteza 10. Shabiki aliyejifunza 2023 kwamba mgeni anaweza kupendwa haraka, alijifunza 2024 kwamba huruma nayo huisha haraka.

Kuna kundi ambalo husahaulika: mashabiki wa vyuo vinavyochukuliwa. James Madison ni chuo cha mji wa Harrisonburg, Virginia. Mwaka 2023 timu yake ilishinda mechi 11 katika msimu wa kawaida, ikipoteza moja tu. Tarehe 30 Novemba kocha wake, Curt Cignetti, akachukuliwa na Indiana, na wachezaji 13 wakamfuata. Wengi wa waliomfuata walikuwa nguzo: Mikail Kamara, Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Elijah Sarratt. Indiana ilikuwa ndiyo kwanza imetoka msimu wa ushindi 3 na vipigo 9, na haikuwa imegusa ubingwa wa ligi yake, Big Ten, tangu 1967. Kwa watu wa Harrisonburg ilikuwa kama kuona fanicha zako zikipakiwa kwenye lori la jirani aliyefilisika.

Walichofanya ni kuanza upya. Wakamleta Bob Chesney kutoka Holy Cross, naye akajaza nafasi kwa watu wa langoni, wengine kutoka vyuo vidogo zaidi, ambako bila shaka kulikuwa na mashabiki wengine waliolalamika. Mwaka 2025 James Madison ilichukua ubingwa wa ligi yake, Sun Belt, ikaingia kwenye mchujo wa timu 12 wa taifa, ikatolewa na Oregon 51-34. Kufikia hapo Chesney naye alikuwa ameshachukuliwa na UCLA.

Bloomington, mji wa Chuo Kikuu cha Indiana, ilikuwa nchi ya mpira wa kikapu. Jumamosi za futiboli watu walichoma nyama kwenye maegesho ya uwanja na baadhi yao hawakujisumbua kuingia ndani. Msimu wa kwanza wa Cignetti ulileta ushindi 11. Wa pili, kwa kwotabeki Fernando Mendoza aliyehamia kutoka California, ulileta ushindi wote 16, ubingwa wa Big Ten, Heisman ya Mendoza, na tarehe 19 Januari 2026 ubingwa wa taifa dhidi ya Miami, 27-21. Kwotabeki wa Miami, Carson Beck, naye alikuwa mhamiaji kutoka Georgia.

Dirisha kuu la uhamisho la msimu huo, yaani kipindi cha kuingia langoni, lilifunguliwa tarehe 2 Januari na kufungwa tarehe 16. Kwa hiyo fainali ilichezwa siku tatu baada ya dirisha kufungwa, na Indiana yenyewe ilikuwa imeshapata kwotabeki mpya, Josh Hoover kutoka TCU. Mashabiki wake walikwenda kumshangilia Mendoza huku wakimjua mrithi wake kwa jina. Hawakuona ajabu. Walikuwa wameshazoea kumpenda mtu kwa msimu, na jezi kwa maisha.

Lakini angalia mechi ile ilivyoamuliwa. Kamara, aliyetoka James Madison, alizuia mpira wa kupigwa kwa mguu, ukaokotwa na kuwa pointi. Mendoza, aliyetoka California, alikimbia yadi 12 katika jaribio la nne na kufunga. Na Miami walipokuwa wakisonga mbele kutafuta ushindi katika dakika ya mwisho, aliyeidaka pasi ya Beck na kumaliza ubishi alikuwa Jamari Sharpe. Sharpe aliingia Indiana mwaka 2022, chini ya kocha aliyetimuliwa. Alikuwepo msimu wa vipigo 9. Desemba 2023 lango lilikuwa wazi na wenzake wengi walipita, yeye hakupita. Uaminifu wa Griffin na kizazi chake hatuwezi kuupima, kwa kuwa kuondoka kulikuwa na adhabu. Wa Sharpe unapimika. Shabiki anayesema siku hizi hakuna anayebaki anapaswa kuhesabu vizuri, maana anayebaki leo amebaki kwa hiari yake, na hiyo ni zawadi ambayo watu wa jukwaani hawakuwahi kuwa na uhakika wa kuipata katika miaka yote ya ukuta.